Geji zikilala na taa zikiwaka ovyo: mwongozo wa kumtafuta mkosaji kwenye gari la zamani

Nilikuwa na Corolla ya miaka ya tisini yenye kituko kimoja. Barabarani haina neno. Nikifika nyumbani Tabata, nikaingiza rivasi nigeuze getini, mshale wa mafuta unalala, wa joto unalala, vioo vya umeme havipandi wala havishuki. Fundi wa kwanza akabadilisha fyuzi, ikaungua kesho yake. Wa pili akaapa kwamba dashibodi imekufa, akaniuzia nyingine ya mtumba na kuifunga. Nikamlipa. Jioni hiyo hiyo nikaingiza rivasi, geji zikalala kama kawaida.

Mkosaji alikuwa kwenye buti. Aliyelimiliki gari kabla yangu alifunga boksi la spika juu ya zulia, na boksi likawa linausaga waya wa taa ya rivasi miaka yote hiyo mpaka ukachubuka na kugusa bati. Nikiingiza rivasi, waya unapata umeme, unapiga shoti, fyuzi inakwenda. Fyuzi hiyo ndiyo inayolisha geji. Tepu nyeusi kidogo, kazi ikaisha.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini gereji tunamuua kila siku. Geji ni mjumbe tu. Habari inatoka kwenye sensa iliyo injini au ndani ya tangi, inasafiri kwa waya, inafika kwenye mshale au balbu, na ili ifike inahitaji umeme kutoka kwenye fyuzi na ethi nzuri, yaani pale waya unapokamata bodi ya gari. Ukijua habari imekatikia wapi kati ya hizo sehemu, umemaliza nusu ya kazi bila kununua kitu. Kabla ya hapo, kuna swali moja la kujiuliza: je, pengine mjumbe anasema kweli?

Mbili za kuamini kwanza, kuchunguza baadaye

Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ikiwaka ukiwa unaendesha, usijifariji kwamba ni swichi tu. Weka gari pembeni uzime injini, hata kama uko katikati ya foleni ya Barabara ya Mandela na honi zinakulilia nyuma. Injini isiyo na presha ya oili inaweza kunoki ndani ya dakika chache. Subiri kama dakika tano oili ishuke chini, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, upime. Ikiwa imepungua, ongeza, kisha tafuta inavujia wapi. Ikiwa ipo ya kutosha na ukiwasha injini taa bado inang'aa, zima na livutwe.

Joto nalo vivyo hivyo. Mshale ukipanda kuelekea H, zima AC, tafuta pa kusimama, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiuguse kabla injini haijapoa kabisa. Maji yaliyo chini ya presha yanaruka usoni, na wanaoungua hivyo ni wengi.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui kuhusu mshale huu. La kwanza: kwenye Toyota nyingi umetengenezwa utulie karibu na katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, ili dereva asihangaike. Kwa hiyo siku ukiuona umetoka hapo ulipozoea kukaa, joto limeshapanda sana. La pili ni la hatari zaidi. Sensa inapima maji. Maji yakiisha, inabaki inaning'inia hewani, na mshale unaweza kushuka kwenye C huku injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukaanguka ghafla usikufurahishe hata kidogo.

Magari mengi madogo ya Kijapani hayana geji ya joto kabisa. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, kisha inazima, halafu kuna nyekundu. Katikati hakuna onyo lolote, kwa hiyo nyekundu ikiwaka usijadiliane nayo.

Na kama gari linachemsha kwenye foleni lakini likipata upepo pale barabara inapofunguka linashuka, geji yako ni nzima. Tafuta feni, rilei yake (kiboksi kinachoipelekea umeme) au swichi yake.

Hesabu taa kabla hujafungua kitu

Kipimo hiki hakina gharama. Weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya oili, ya betri na ya cheki injini lazima ziwake. Ya breki iwake hendibreki ikiwa juu. Kama gari lina ABS na eabegi, taa zake ziwake kwa sekunde chache kisha zizime zenyewe. Sasa washa injini: zote zizime, kila moja kwa wakati wake.

Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka. Huenda balbu imeungua, au kuna mtu ameichomoa makusudi. Kwa wanaonunua gari mkononi mwa mtu hili ni muhimu: ujanja unaojulikana ni kuiunganisha taa ya cheki injini na waya wa taa ya oili, ili iwake na kuzima pamoja nayo, mnunuzi aone kila kitu ni safi. Ukiona taa hizo mbili zinazima kwa pamoja kabisa kama pacha, kila unapowasha, uliza maswali.

Usishtuke pia ukikuta taa yenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna jirani anayeyajua. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana taa ya onyo la joto la ekzosi iliyoandikwa hivyo. Piga picha, tafsiri kwa simu.

Vifaa

Multimita ndogo ya kawaida inatosha, Kariakoo zimejaa. Ongeza testa ya balbu, bisibisi ya nyota, spana namba 10, msasa laini, dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, tepu nyeusi na fyuzi za akiba. Tafuta pia balbu ndogo ya wati 3.4, iungie nyaya mbili. Faida yake utaiona.

Onyo moja: soketi na nyaya za rangi ya njano chini ya usukani ni za eabegi. Usizipime kwa mita wala testa, zinaweza kufyatua mfuko. Kama utafungua dashibodi, toa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa.

Zikilala zote kwa mpigo

Geji tatu haziwezi kufa siku moja kila moja kwa ugonjwa wake. Tafuta kitu kinachozilisha zote. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini, fyuzi boksi ya ndani, upande wa dereva, ina fyuzi ya ampia 10 iliyoandikwa GAUGE. Mara nyingi inalisha pia taa za rivasi, na vioo vya umeme vinaitegemea. Ndiyo maana nilisimulia kile kisa: vitu visivyohusiana vikifa pamoja na geji, vinakutajia fyuzi yao.

Usiitazame kwa macho tu. Weka swichi ON, gusa kwa testa ncha zote mbili za mgongo wa fyuzi. Zote ziwake. Ikiwaka upande mmoja, imeungua. Ukiweka mpya ikaungua tena, usiongeze ya ampia 20 wala usifunge waya wa shaba, maana hapo unaigeuza waya yenyewe kuwa fyuzi, na waya huo umepita nyuma ya plastiki na zulia. Angalia inaungua ukifanya nini: ukiingiza rivasi, ukipita kwenye tuta, ukikata kona? Jibu linakuelekeza kwenye waya uliochubuka.

Fyuzi ikiwa nzima, shuku ethi. Dalili zake ni za kichawi: ukiwasha indiketa mshale wa mafuta unacheza, ukiwasha taa kubwa geji ya joto inapanda, ukikanyaga breki taa nyingine inamulika kwa mbali. Umeme uliokosa njia nzuri ya kurudi unatafuta njia ya jirani. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa dashibodi, huku taa zikiwaka. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi hiyo ni mbovu. Fungua nati yake, sugua bati na kichwa cha waya kwa msasa mpaka ving'ae, kaza, paka grisi kidogo juu.

Gari linalolala Kigamboni au Msasani, upepo wa chumvi ukilipulizia usiku kucha, litahitaji kazi hiyo kabla ya la Mbezi ya Kimara. Na lililowahi kuingiwa na maji, mathalani lililokutwa na mafuriko pale Jangwani, usihangaike na geji moja moja. Inua mazulia, tafuta soketi zilizopo chini, ufungue kila moja uangalie ukijani wa shaba.

Ikilala moja: kata njia katikati

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokisia, na hakuna haja ya kukisia. Kwenye gari la zamani, sensa ya geji ni kizuizi tu cha umeme kinachobadilika. Ukiutoa waya wake, ni kama umeondoa sensa. Ukiugusisha kwenye bodi, ni kama sensa imefika mwisho wa kipimo. Kwa hiyo dashibodi inajibu swali lako ukiwa umesimama kwenye sensa.

Tuanze na joto. Sensa ya geji kwa kawaida ina waya mmoja na imefungwa karibu na themostati, yaani mlango wa maji yanayokwenda kwenye rejeta. Usiichanganye na ya jirani yake yenye nyaya mbili, ambayo ni ya kompyuta ya injini. Swichi ON, chomoa waya ule mmoja: mshale uwe chini kabisa. Sasa ugusishe kwenye bodi kupitia ile balbu ya wati 3.4: mshale uanze kupanda. Balbu inalinda geji isipate umeme mwingi kwa ghafla. Kama mshale umepanda, geji na waya ni vizima, nunua sensa. Kama haukusogea, rudi nyuma kwenye soketi ya dashibodi urudie jaribio hapo hapo. Ukipanda safari hii, waya umekatika njiani. Usipopanda, sasa ndiyo unaruhusiwa kuilaumu geji.

Sensa mpya nayo ina mtego. Inapata ethi kupitia nyuzi zake za kufungia. Fundi akiizungushia tepu nyeupe ya bomba kwa wingi ili isivuje, anaitenga na bodi, na mshale unakuwa mvivu au haupandi kabisa. Sensa inarudishwa dukani ikiwa haina kosa.

Mafuta ni mchezo ule ule, ila kwenye tangi. Magari mengi madogo yana kifuniko chini ya kiti cha nyuma. Hapo kuna mvuke wa petroli: milango wazi, hakuna sigara, hakuna cheche, na nyaya uzichomoe swichi ikiwa OFF. Kwenye Toyota nyingi tangi likijaa sensa husoma takribani ohmu 3, likiwa tupu takribani 110. Pima kwa mita huku mwenzio akiliyumbisha gari kidogo. Namba zikiruka ruka ovyo, kile kijia ambacho mkono wa floti, yaani boya linaloelea juu ya mafuta, hutelezea kimelika au kimeshika uchafu. Mara nyingi kinapona kwa kusafishwa taratibu kwa dawa ya kontakti. Floti iliyotoboka ikaingiza petroli haielei, na geji itasema tangi ni tupu hata ukitoka kujaza sasa hivi. Mshale unaoonyesha F daima, hata ukichomoa sensa, unakwambia waya wake unagusa bodi mahali fulani.

Ukimaliza hapo, weka mafuta ya kiasi unachokijua uone mshale unapanda wapi. Madereva wetu wa kuweka mafuta ya elfu kumi kumi ndio wanaoteseka zaidi na geji mbovu, kwa sababu wanaishi chini ya robo ya tangi, sehemu ambayo mkono wa sensa umesugua miaka yote.

Taa ya oili: usishangilie mapema

Swichi ya oili ina waya mmoja. Presha ikikosekana, inagusisha waya huo na bodi na taa inawaka. Chomoa waya: taa izime. Kama haikuzima, waya umechubuka, na injini pengine ni nzima. Kama imezima, hapo ndipo watu wanashangilia na kununua swichi, ilhali jaribio hilo limethibitisha kitu kimoja tu, kwamba waya ni mzima. Bado hujui kama swichi ndiyo mbovu au presha haipo kweli.

Jibu linatoka kwenye geji ya mkono ya kupimia presha: toa swichi, funga geji hiyo kwenye tundu lake, washa injini mpaka ipate moto. Kwa mfano, injini ya 5A-FE ya Toyota inatakiwa isipungue 0.3 kg/cm² kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, na iwe kati ya 2.5 na 5.0 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Fundi asiye na geji hiyo mwambie aazime. Taa inayomulika mulika kwenye sailensa, injini ikiwa moto tu, ikizima ukikanyaga mafuta, inaashiria oili nyepesi au iliyochoka, au beringi zilizolika. Kumwaga oili nzito ili taa inyamaze ni kumziba mdomo mtoto anayelia homa.

Taa ya betri

Pima betri gari likiwa limezimwa tangu usiku: 12.4 hadi 12.6 ni nzuri. Washa injini, pima tena: iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, altaneta, yaani jenereta ya gari, haichaji. Angalia fenibelti kwanza, kisha plagi ya nyuma yake. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa na betri itachemka.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu. Kwenye magari mengi ya zamani, balbu ya taa hii ndiyo inayoamsha altaneta. Balbu ikiungua altaneta inaweza kulala, na betri inakufa bila onyo lolote. Halafu kuna ile hali ya taa ya betri na ya breki kuwaka pamoja kwa mwanga hafifu. Watu hubadilisha pedi za breki kwa sababu yake. Mara nyingi ni diodi za altaneta.

Ya breki yenyewe ni fupi: shusha hendibreki vizuri, kisha angalia fluidi. Ikiwa imepungua usikimbilie kujaza, tazama pedi kwanza, maana zikilika fluidi inashuka. Kama pedi ni nene, inavuja, na hiyo si ya kusubiri kesho.

Cheki injini bila mashine

Kabla hujalipia kupimwa kwa kompyuta, jua kwamba Toyota nyingi za miaka ya tisini zinajisomea zenyewe. Tafuta kiboksi kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS.

1. Injini imezimwa, gia P au N, AC na redio zimezimwa.
2. Kwa klipu ya karatasi, unganisha TE1 na E1. Soma mchoro ulio ndani ya kifuniko mara mbili. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.
3. Swichi ON bila kuwasha. Hesabu taa ya cheki injini inavyomulika.

Ikimulika mfululizo kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimulika mara mbili, ikapumzika, ikamulika mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji ya kompyuta, ile ya nyaya mbili. 42 ni ishara ya spidi, 21 sensa ya oksijeni, 41 sensa ya mkao wa throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Namba inakutajia saketi, haikuamrishi kununua sensa. Kagua soketi na waya kwanza. Ukisharekebisha, futa kumbukumbu kwa kutoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika.

Chanzo kikubwa cha taa hii hapa mjini, kwa maoni yangu, ni kuosha injini kwa mashine ya presha. Kijana anapiga maji mpaka kwenye soketi, siku ya pili taa inawaka. Mwambie aishie kwenye bodi. Ikishatokea, fungua soketi zilizolowa, zipulize, ziache jua lizikaushe kabla ya kutoa hela.

Spidomita, na kufungua dashibodi yenyewe

Mshale wa spidi unaotetemeka kwenye gari la kebo unahitaji kebo itolewe, isafishwe, ipakwe grisi nyepesi na ipitishwe bila kona kali. Kwenye gari la sensa, angalia soketi yake kwenye gia boksi na kile kigia cha plastiki kinachoizungusha.

Ukilazimika kufungua dashibodi, piga picha kila hatua. Skrubu mbili juu, mbili chini, kebo kama ipo, soketi. Usivute kwa nguvu. Plastiki ya miaka 25 chini ya jua la Dar inavunjika kama biskuti. Nyuma utakuta karatasi ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba, na balbu zinazotoka kwa robo mzunguko. Safisha vichwa vya soketi, zungusha kila balbu ikamate vizuri, njia iliyokatika iunge kwa risasi. Kabla hujarudisha skrubu, rudisha soketi zote kwanza, kisha waya wa betri, na uhesabu taa kama mwanzo.

Kama kweli geji imekufa, spea za mtumba zipo Gerezani na Ilala, lakini nenda na yako mkononi ulinganishe soketi na namba iliyo nyuma, kwa sababu mbili zinazofanana usoni zinaweza kutofautiana nyaya. Na chukua geji moja tu unayoihitaji, uihamishie kwenye dashibodi yako. Ukibadilisha nzima, unabadilisha na kilomita. Ile niliyofungiwa mimi ilikuja na kilomita elfu sitini na kitu, kwenye gari lililokwishapita laki mbili. Nilipouza nilimpa mnunuzi dashibodi zote mbili, ya zamani ikiwa kwenye mfuko wa rambo, nzima kabisa.